Sura ya 4: Mashahidi Watatu wa Ukoo

"Wazee wenyewe wameshakufa, sasa nitamuuliza nani?" Ndivyo watu wengi wa Kilimanjaro wanavyojibu wakiambiwa waandike historia ya familia zao. Mara nyingi swali hili huja msibani, ndugu wanapokesha kuandaa wasifu wa marehemu utakaosomwa kesho yake kabla ya mazishi. Mmoja anashika kalamu, wengine wanakumbushana: alizaliwa mwaka gani, alibatizwa wapi, alikuwa mtoto wa ngapi. Watoto na wajukuu huorodheshwa bila shida, maana wapo. Shida huanza kwa waliomtangulia. Jina la babu yake linajulikana, la bibi yake halijulikani, na mahali ukoo ulikotoka huandikwa kwa sentensi moja ambayo hakuna aliyewahi kuihakiki. Ukurasa huo, ulioandikwa usiku mmoja na watu waliochoka, mara nyingi ndiyo habari pekee iliyoandikwa ya mtu aliyeishi miaka 80.

Sura hii inajibu swali hilo. Kufa kwa wazee ni hasara kubwa, lakini hakufungi njia. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kila ukoo una mashahidi watatu: mdomo, yaani masimulizi ya watu, ardhi, yaani kihamba na vyote vilivyomo, na karatasi, yaani madaftari, vyeti na picha. Kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake halijui, na kila mmoja ana udhaifu wake. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni moja. Habari iliyotolewa na shahidi mmoja iandikwe kama dokezo. Habari iliyothibitishwa na mashahidi wawili wa aina tofauti, ambao hawakupata nafasi ya kusikilizana, ndiyo inayostahili kuitwa historia ya ukoo. Anayeifuata kanuni hii atafika mbali hata kama mzee wa mwisho wa ukoo wake alizikwa mwaka jana.

Shahidi wa kwanza: mdomo

Tuanze na mdomo kwa sababu moja tu: huyu ndiye shahidi anayekufa. Kaburi litakuwepo mwakani na daftari la parokia litakuwepo, lakini shangazi mwenye miaka 85 huenda asiwepo. Watu wengi hukosea kwa kumtafuta "mzee wa ukoo" peke yake, yaani mwanamume mkubwa kuliko wote, na kuwapita wengine. Huyo anajua mpangilio wa wanaume na mipaka ya vihamba. Shangazi aliyeolewa Kibosho au Rombo miaka 60 iliyopita anajua mambo mengine: nani aliugua nini, nani alimlea mtoto wa nani, mke wa kwanza wa babu alikuwa wa ukoo gani na kwa nini aliondoka. Kwa kuwa aliondoka nyumbani mapema, kumbukumbu zake hazikuchanganyika na mazungumzo ya waliobaki. Kwa kipimo chetu, huyo ni shahidi wa thamani ya pekee.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko wingi wa maswali. Mwandishi Mmarekani mweusi Alex Haley alipotoa kitabu chake *Roots* mwaka 1976, alieleza jinsi alivyosafiri hadi kijiji cha Juffure nchini Gambia, na msimulizi wa huko akamtajia babu yake aliyechukuliwa utumwani. Dunia nzima iliguswa. Baadaye wanahistoria waliofuatilia walionyesha kwamba habari za kile alichokuwa akikitafuta zilikuwa zimeshawafikia watu wa huko kabla hajaketi kumsikiliza msimulizi. Mgeni akija na jibu mkononi, mwenyeji mwenye adabu humpa jibu hilohilo. Ndivyo inavyokuwa hata kwetu. Ukimwuliza babu, "Sisi tulitoka Ukambani, sivyo?" atakubali, na hutajua kama amekumbuka au amekuheshimu. Muulize, "Wazee wako walisema walitoka wapi?" kisha nyamaza.

Tatizo la pili la mdomo ni miaka. Wazee wengi hawakuandikiwa tarehe za kuzaliwa, lakini walijua walizaliwa au kuoa wakati wa jambo gani. Matukio yafuatayo yanasaidia kugeuza kumbukumbu kuwa miaka:

- Kunyongwa kwa Mangi (yaani mtawala) Meli na viongozi wenzake na Wajerumani, Old Moshi (Machi 1900)
- Reli kutoka Tanga kufika Moshi (1911–1912)
- Waingereza kuingia Moshi katika Vita Kuu ya Kwanza (Machi 1916)
- Shilingi kuchukua nafasi ya rupia (mwanzoni mwa miaka ya 1920)
- Kuanzishwa kwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa (1933)
- Thomas Marealle kutawazwa Mangi Mkuu wa Wachagga (1952)
- Uhuru, mwenge ulipowashwa kileleni Kibo (Desemba 1961)
- Azimio la Arusha (1967) na Vita vya Kagera (1978–1979)

Bibi akisema baba yake alilipa kodi ya kichwa kwa rupia akiwa kijana, umeshapata kwamba mzee huyo alikuwa mtu mzima kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Unaweza pia kuhesabu kwa vizazi, ukikadiria kila kizazi kuwa miaka 25 hadi 30. Mtu aliyezaliwa mwaka 1990 huenda baba yake alizaliwa karibu na 1960, babu karibu na 1930, na baba wa babu karibu na 1900, wakati ule Meli aliponyongwa. Watu watatu tu wanakutenganisha na enzi ya utawala wa Kijerumani. Hesabu hii ya makadirio inaonyesha kwamba mambo tunayoyaita ya kale yamekaa karibu nasi mno.

Kuna mtego mmoja wa Kilimanjaro unaowanasa wengi. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na wa pili jina la baba wa mama yake. Wasichana nao hurithi majina ya bibi zao kwa mpango kama huo. Kwa sababu hiyo jina huruka kizazi kimoja na kurudi. Tuseme Ndesario alimzaa Kiwia, na Kiwia akamzaa Ndesario mwingine. Baada ya miaka 100 wajukuu wanasimulia habari za "Ndesario" mmoja aliyepigana vita, akachimba mfereji, akabatizwa na kuuza kahawa, kumbe ni watu wawili. Orodha ya ukoo hufupika kwa njia hiyo, na miaka haikubali tena. Desturi hiyohiyo, ukiijua, inakuwa msaada: jina la kifungua mimba wa kiume wa babu yako linakudokezea jina la baba wa babu huyo, ambaye hakuna tena anayemkumbuka.

*Kwa ufupi:* Anza na walio hai, wanawake kwa wanaume. Uliza bila kuweka jibu ndani ya swali. Funga kila kumbukumbu kwenye tukio linalojulikana, na usimkubali mtu aliyeishi kwa miaka ya watu wawili.

Shahidi wa pili: ardhi

Shahidi huyu hupuuzwa kwa sababu amekuwa mbele ya macho yetu siku zote. Kihamba ni shamba la ukoo linalozunguka nyumba, lenye migomba, kahawa, magimbi na miti, ambalo hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Si shamba tu, kwa kuwa waliolilima wamezikwa humohumo. Kwa desturi ya zamani katika sehemu nyingi za mlima, mifupa ya mzee ilihamishiwa migombani baada ya muda na mahali pake pakapandwa masale, ule mmea wa majani marefu unaotumika pia kuweka mipaka na kuombea msamaha. Ukristo ulipoenea makaburi yakaanza kuwekewa misalaba, kisha saruji, kisha vigae. Kwa hiyo ukiingia migombani na daftari unaweza kusoma vizazi kwa kutembea: vigae vya juzi karibu na nyumba, kisha kaburi la saruji lenye tarehe iliyochorwa kwa ncha ya msumari kabla saruji haijakauka, kisha tuta lisilo na alama, kisha masale yaliyosimama peke yake bila mpaka wowote karibu. Hayo masale hayakuota pale yenyewe. Mwulize anayeishi hapo yalipandwa kwa ajili ya nani.

Ugawaji wa kihamba nao unasimulia. Kwa desturi, kitinda mimba wa kiume alibaki na nyumba ya wazazi na kuwatunza, na kifungua mimba alipewa nafasi yake mapema. Waliozaliwa katikati mara nyingi walilazimika kwenda kutafuta. Zamani walikwenda kufyeka sehemu ambayo haikuwa na mtu. Ardhi ya mlimani ilipobana, kwa kuongezeka kwa watu na kwa maeneo ya chini kuchukuliwa na walowezi wa Kizungu tangu enzi ya Wajerumani, wakashuka tambarare, wakaenda Arusha, Tanga, Dar es Salaam. Mtu anayejiuliza kwa nini tawi lake la ukoo liko mbali na kihamba cha asili aanze kwa kuuliza babu yake alikuwa mtoto wa ngapi. Jibu mara nyingi limekaa hapo, wala hakuna haja ya kutafuta ugomvi au laana.

Halafu kuna mfongo, mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto na kuyaleta vihambani. Mifongo mingi inabeba jina la mtu au ukoo ulioichimba, na kwa desturi usimamizi wa maji, zamu za kumwagilia na wito wa kazi ya kusafisha vilikuwa mikononi mwa ukoo huo. Ushahidi huu una nguvu kwa sababu hauko chini ya ukoo mmoja. Watu wa koo nyingine wanaotumia maji yaleyale nao wanajua mfongo ni wa nani, ingawa hawapati faida yoyote kwa kukusifia babu yako. Jirani asiye na sababu ya kukupendelea akikubali kwamba wazee wako ndio waliofungua mfongo, umepata uthibitisho ambao mjomba wako hawezi kukupa. Waswahili husema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Dawa yake ni kumsikiliza pia yule asiyeshika ngozi.

*Kwa ufupi:* Chora ramani ya kihamba kwa mkono, uonyeshe makaburi, masale, nyumba za zamani, mipaka na mifongo. Andika majina ya majirani wa pande zote. Kisha waulize majirani hao.

Shahidi wa tatu: karatasi

Wengi hudhani karatasi za familia ya kawaida hazipo, kwa kuwa babu zao hawakuwa mamangi wala makarani. Ni kweli kwamba vitabu vimeegemea upande wa watawala. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi tangu mwanzo wa karne ya 20, aliandika mafundisho na sheria za Wachagga kwa Kijerumani. Petro Itosi Marealle alitoa kwa Kiswahili *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera* mwaka 1947. Vitabu hivi vitakueleza desturi ambazo familia yako iliziishi, lakini jina la babu yako halimo. Jina la babu yako limo kwenye daftari la ubatizo.

Wamisionari wa Kikatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho. Walutheri wa Misheni ya Leipzig walianza Machame mwaka 1893. Tangu hapo kila aliyebatizwa aliandikwa, na majina yenyewe yanaelekeza mlango wa kubisha. Babu aliyeitwa Evarist au Deogratias, mtafute kwanza parokiani. Aliyeitwa Eliamani, Elinami au Aikaeli, anza na usharika wa Kilutheri. Familia za Kiislamu zina hati za ndoa, na msikiti una watu wanaojua nani alifungishwa ndoa na nani. Kwenye daftari la Kikatoliki mstari mmoja una jina, tarehe, wazazi, msimamizi wa ubatizo na padre, na pembeni mwa ukurasa huongezwa baadaye kipaimara na ndoa, pamoja na mahali ilipofungwa. Mstari mmoja wa mwaka 1924 unaweza kukutajia mama wa babu yako, mwanamke yule ambaye wasifu wa msibani ulimruka.

Karatasi nyingine ziko masandukuni: stakabadhi za kodi, stakabadhi za kahawa za chama cha msingi, vyeti vya shule, barua za ndugu aliyekwenda kufanya kazi Tanga au Nairobi. Ziko pia mbali. Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam zinahifadhi kumbukumbu za utawala wa kikoloni, za wilaya ya Moshi zikiwemo. Picha nyingi zilizopigwa na wamisionari wa Leipzig zimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Southern California, na yeyote mwenye simu anaweza kuziangalia. Picha hizo wapelekee wazee. Jina la mtu lisiloandikwa chini ya picha pengine lingali kichwani mwa mzee mmoja wa Mamba au Machame.

Karatasi hudanganya pia. Karani alikisia umri. Mmisionari aliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia, hivyo ukoo uleule ukaonekana kwa tahajia tatu. Mtu aliyetaka kuajiriwa au kuingia shule alijiongezea au kujipunguzia miaka. Ndiyo maana karatasi nayo ni shahidi mmoja tu kati ya watatu.

Mashahidi wanapokutana

Nguvu ya kanuni hii ilionekana wazi katika jambo zito kuliko yote katika historia ya mlima huu. Baada ya Mangi Meli na wenzake kunyongwa mwaka 1900, mabaki ya baadhi ya waliouawa na Wajerumani Kilimanjaro yalipelekwa Ujerumani, na kwa zaidi ya karne moja wajukuu hawakujua yako wapi. Walichobaki nacho ni simulizi zilizopita kutoka kinywa hadi kinywa: nani aliuawa, wapi, na watoto wake ni akina nani. Mwaka 2023 Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, wa Berlin, ulitangaza kwamba mafuvu matatu yamehusishwa na jamaa walio hai nchini Tanzania kwa kupima vinasaba, yaani chembe za urithi ambazo kila mtu huzipokea kwa wazazi wake. Fuvu mojawapo lilikuwa limeandikwa neno moja tu, "Akida", yaani cheo cha uongozi. Neno hilo liliwaongoza watafiti kwa mshauri wa karibu wa Meli, na uzao wake ulipopimwa, vinasaba vikakubali. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo matatu.

Fikiria kila shahidi alichochangia. Maandishi peke yake yalitoa cheo bila jina. Maabara peke yake isingejua ipime damu ya nani kati ya mamilioni. Simulizi peke yake isingeweza kuthibitisha lolote mbele ya makumbusho ya Ulaya. Lakini kwa kuwa familia ilijua kwamba ni ya akida yule, na ilijua nani ni mtoto wa nani hadi leo, ushahidi mwingine ulipata pa kuegemea. Familia iliyopoteza mpangilio wake wa vizazi isingepigiwa simu kabisa.

Mapingamizi manne

Wapo wanaosema kumbukumbu za wazee si historia. Jirani zetu Wapare wana jibu. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliwasikiliza wazee wa koo mbalimbali katika miaka ya 1960, akalinganisha maelezo yao, na mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya siasa za Wapare kinachorudi nyuma hadi karibu mwaka 1500. Hakumwamini mzee mmoja. Alilinganisha, na kulinganisha huko ndiko kulikogeuza masimulizi kuwa historia.

Wengine wanahofu kwamba kufukua koo ni kufufua ukabila. Hofu hii ina heshima yake katika nchi iliyojijenga kwa kuukataa. Lakini mtu anayechimba kwa uaminifu hukuta kinyume cha anachokitaka mkabila. Koo nyingi za mlimani husimulia kwamba zilitoka Ukambani, Taita, Usambaa, Upare au Umasaini. Mmachame na Mrombo hawasikilizani vizuri kila mmoja akizungumza lugha ya kwao. Ukoo uliojichunguza vizuri unajikuta na damu ya jirani zake, na huko ni kupungua kwa kiburi.

Pingamizi la tatu ni aibu: mtoto wa nje, mke aliyefukuzwa, ndugu aliyefungwa. Hapa naona mipaka ni ya lazima. Jambo linalomhusu aliye hai halichapishwi bila ridhaa yake. Hata hivyo kutochapisha ni tofauti na kufuta. Mtoto aliyefutwa kwenye orodha ya ukoo ana wajukuu, nao wana haki ya kujua walikotoka. Weka madaftari mawili: moja la kusomwa na wote, moja la kutunzwa na watu wawili mnaowaamini.

La nne ni ardhi. Ndugu huogopa kwamba ramani ya kihamba itakwenda kutumika baraza la ardhi. Waambie mapema, na uandike ukurasa wa kwanza, kwamba kumbukumbu hii inaeleza nani aliishi wapi na haigawi chochote. Tena usitumie desturi ya zamani kama kisingizio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Historia inaeleza jinsi babu alivyogawa. Sheria ya leo ndiyo inayosema sisi tugawe vipi.

Namna ya kuandika

1. Kwa kila habari andika nani alisema, lini na mahali gani. Habari isiyo na msemaji haiwezi kuhakikiwa.
2. Weka alama tatu: imethibitishwa, dokezo, inabishaniwa. Masimulizi mawili yakipingana, andika yote mawili.
3. Kila mtu aandikwe na mama yake na ukoo wa mama yake.
4. Rekodi sauti kwa simu, kwa idhini ya msemaji, katika lugha anayoimudu. Tafsiri baadaye.
5. Tumia Desemba, ndugu wanaporudi mlimani kutoka mijini na ng'ambo, kusoma rasimu mbele ya wote na kupokea masahihisho.
6. Toa nakala nyingi, na uzipeleke kwenye nyumba tofauti.

Katika haya sita, la tatu ndilo litakalobadilisha zaidi namna tunavyojijua. Orodha za ukoo zinazohesabu baba kwa baba zimetuzoesha kuamini kwamba kila mtu ana mstari mmoja nyuma yake. Ukirudi vizazi vitatu una wazee wanane, wa kiume wanne na wa kike wanne, na huenda wakawa wa koo nane. Anayemjua mmoja tu kati yao amejua sehemu ya nane ya asili yake. Hao saba wengine pia waliacha vihamba, majina na mistari kwenye madaftari ya Uru, Kilema, Mwika na Siha. Kwa hiyo nakala ya kwanza mpe binti aliyeolewa mbali, umwombe akuletee ya kwao.